Mbingu ya Jumatano na Jumamosi

Kibomet, Kitale
Jumapili, 9 Januari 2005

Mwanangu Muturi,

Barua hii ikufikie ukiwa mzima huko Bungoma, kama inavyoniacha mimi nikiwa mzima kiasi na hasira kiasi.

Kaka yako Kabiru anakusalimia kutoka Kachibora. Amevuna, na magunia mengine ameniletea hapa nimuanikie, ati kuku wa jirani yake hawana adabu. Dada yako Wacuka anakusalimia. Bado anauza mitumba soko la Kachibora kila Jumatano na Jumamosi, anarudi giza likiingia, na Jumapili analala mpaka kanisa linakaribia kuisha. Nduta mdogo, mtoto wake, anakusalimia. Ameota meno mawili na yote anayajaribu kwa mkono wangu. Edah jirani anakusalimia sana, anauliza ile picha ulimwahidi siku ya Krismasi iko wapi. Kimutai wa lori anakusalimia, lakini yeye utamwona kwa sababu ndiye anabeba hii barua na mahindi ya kuja huko. Hata ng'ombe hajambo, ila maziwa yamepungua. Nimemaliza salamu, sasa nakuja kwa hii kamera yako.

Nimefanya ulivyoniambia. Jumatano tarehe tano na jana Jumamosi nilipanda ngazi za nje za ghorofa ya Kinyua, saa kumi na mbili jioni, nikaweka kamera juu ya ule ukuta wa saruji ulipochora alama. Jumatano Kinyua mwenyewe akatoka. Akaniambia, "Mama Kabiru, unapima ploti za watu?" Nikamwambia napiga picha mbingu. Akaniuliza kama Wacuka yuko nyumbani, ati angependa kuongea na mtu mwingine wa familia.

Hayo nimevumilia. Lakini kamera umeniachia mbovu, baba. Nikifunga jicho la kushoto na kuweka la kulia kwa hako kashimo, ndani kumejaa ukungu. Mji wote naona kama umefunikwa na neti ya mbu. Ile minara ya simu na maghala marefu ya mahindi nakisia tu. Mlima Elgon sioni kabisa. Nikitoa kamera usoni, mlima ule pale, umekaa. Nimepangusa kioo na leso, nikapuliza, nikapangusa tena. Ukungu uko pale pale. Nimebonyeza hivyo hivyo mara mbili kwa sababu uliniomba, na nimeandika kwa hicho kitabu ulichoniachia: "Ukungu. Mlima hauonekani."

Na nikuulize, kweli ni lazima iwe bila mtu hata mmoja? Edah alikuwa tayari kusimama, amevaa vizuri. Naona kama tunapoteza filamu.

Nijibu haraka, Jumatano iko karibu.

Mimi mama yako,
Rosaline Nduta


Bungoma
Alhamisi, 13 Januari 2005

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Wabwile mwajiri wangu anakusalimia. Wasalimie wote uliowataja, na Edah mwambie picha yake iko, ni karatasi ya kuchapisha imeisha hapa studio.

Mama, nakuomba usipanguse kioo cha kamera na leso. Leso ina vumbi na vumbi linakwaruza. Niliisafisha mwenyewe Krismasi, ilikuwa safi kabisa, na nilifunga kila kitu kwa gundi ya karatasi ili usisumbuke kurekebisha. Kazi yako ni tatu tu. Weka pale kwenye alama. Angalia kwa jicho la kulia uone kama mnara wa simu uko katikati. Bonyeza, halafu vuta kile kijiti cha kusogeza filamu mpaka kikatae. Basi.

Na hapana, mtu asisimame. Nieleze tena, labda Krismasi nilieleza vibaya kwa sababu nyumba ilikuwa na kelele. Mlima ni mmoja. Wewe unauona kutoka Kitale, mimi nauona kutoka Bungoma, kila mtu upande wake. Mji wenu uko chini ya mbingu ile ile iliyofunika mji wetu. Mimi napiga mabati ya Bungoma, tangi la maji la reli na mlima nyuma yake, saa kumi na mbili kamili. Wewe unapiga mabati ya Kitale dakika ile ile. Nikizitundika mbili mbili, mtu anayeangalia ataona kitu ambacho hakuna mtu mmoja angeweza kukiona, hata akiwa na mbio.

Mwalimu Ivy, yule wa Kisumu anayesimamia ukumbi wa maonyesho ya sanaa, amekubali kunipa ukuta mzima. Anataka picha kumi za kwangu na kumi za kwako, siku zikilingana, zimfikie mwisho wa Februari. Kumi, Mama, si tisa. Nimekaa miaka minne kwa hii studio nikipiga watu masikio mawili yaonekane kwa kitambulisho. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza mimi nataka kupiga nini.

Na mimi pia nateseka. Jumamosi iliyopita bwana arusi alikuwa anangoja chini na mimi niko juu ya mabati. Wabwile alisimama uani akaniita, "Muturi, wewe unaangalia juu, wateja wanaangalia saa." Wote wakacheka, bibi arusi pia.

Bonyeza kila Jumatano na kila Jumamosi, kuwe na ukungu au kusiwe.

Mwanao,
Muturi


Kibomet, Kitale
Alhamisi, 20 Januari 2005

Mwanangu Muturi,

Salamu kutoka kwa wote, hakuna aliyebadilika isipokuwa Nduta mdogo ambaye sasa anasimama akishika mguu wa meza. Kabiru alikuja kuangalia mahindi yake, akasema yamekauka vizuri.

Sasa usikasirike mpaka umalize kusoma.

Barua yako ilinikuta Jumapili. Kwa hivyo Jumatano tarehe kumi na mbili na Jumamosi tarehe kumi na tano nilikuwa nimeshapanda ngazi, nimeangalia, nimeona ukungu mzito kuliko wa mwanzo, na sikubonyeza. Nilikaa pale nikingoja uishe. Haukuisha. Nikashuka. Filamu si yangu, ni yako, na mimi sikulelewa kuharibu kitu cha mwenyewe. Tangu ukiwa mdogo nakuambia usichote unga kama maji hayajachemka.

Halafu nikafikiri. Ukungu ndani ya kioo ni unyevu. Kitu kikiwa na unyevu, dawa yake naijua, nimeifanya miaka thelathini. Jumatatu nikatandika turubai, nikamwaga mahindi ya Kabiru upande mmoja, na upande mwingine nikaweka kamera juu ya gunia safi. Sikuiacha peke yake, nilikaa hapo na kijiti nikifukuza kuku. Nikaigeuza saa tano, nikaigeuza saa nane, jua likianza kwenda nikaiingiza ndani. Jumanne hivyo hivyo. Edah alipita akauliza, "Mama Kabiru, hiyo utaisaga au utaichemsha?" Sikumjibu.

Jana Jumatano nikapanda ngazi nikiwa na matumaini. Ukungu ule ule. Nilibonyeza kwa sababu ulisema nibonyeze, lakini moyo ulikuwa umechafuka. Leo asubuhi nimeipeleka mjini kwa fundi wa saa, yule wa karibu na soko. Akafunga jicho moja akaangalia ndani, akasema, "Mama, hii iko safi kama maji ya chupa." Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia tena, akasema ile ile. Nikamwambia basi ni macho yake ndiyo mabovu, na mtu wa macho mabovu hafai kufungua saa za watu. Nikachukua kamera yangu nikaenda.

Sasa niambie nifanye nini. Niweke karibu na jiko? Nimeogopa moshi.

Tuma jibu na Kimutai, usitumie posta, posta inalala.

Mama yako,
Rosaline Nduta


Bungoma
Jumatatu, 24 Januari 2005

Mama,

Umeanika kamera. Na filamu ndani. Siku mbili juani.

Nimesoma barua yako mara tatu kuona kama ni mzaha. Filamu haipendi joto, Mama, inaungua kimya kimya, na huwezi kujua mpaka uioshe. Huenda hata zile mbili za kwanza zimekufa. Na tarehe kumi na mbili na kumi na tano, mbingu ya huku ilikuwa na mawingu marefu kama mistari ya jembe, sijawahi kuona kama yale. Ninazo. Lakini sina za kwako za kuziweka kando, kwa hivyo ni kama sina.

Sikukuomba uelewe kamera. Sikukuomba uitengeneze. Nilikuomba ubonyeze. Mtoto wa darasa la tatu angebonyeza.

Mpe Kimutai filamu hiyo kabla ya Jumamosi. Irudishe kwanza kwa kile kijiti kidogo cha chini, zungusha mpaka iwe nyepesi, ndipo ufungue nyuma. Nitaiosha nione kama kuna kilichobaki. Ile nyingine mpya iko ndani ya mfuko wa kamera, lakini usiiweke. Labda Wacuka aache soko wiki chache ashike hii kazi.

Muturi


Kibomet, Kitale
Alhamisi, 27 Januari 2005

Muturi,

Salamu unazijua.

Filamu hii hapa, nimempa Kimutai mkononi. Nimeizungusha mpaka ikawa nyepesi, ndipo nikafungua. Kitabu pia nimekifunga pamoja nayo. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili nilibonyeza. Jana sikupanda.

Jina ulilo nalo ni la baba yangu, na ndiyo maana nakuita baba tangu ukiwa kwa mgongo. Baba yangu alikuwa mkali, aliwapiga ng'ombe na akawapiga watu. Lakini hakuna siku aliniambia kuna mtoto wa darasa la tatu ananishinda. Darasa la tatu sikufika. Kusoma nilijifunza kwa ngumbaru nikiwa na ninyi watatu tayari, jioni, tukiwa wazee wengi kwa benchi moja. Hiyo unaijua.

Wacuka hawezi kuacha soko. Akikosa siku mbili, nafasi yake inapewa mtu mwingine.

Yote niliyoandika kwa kitabu ni ukweli. Sijui wengine wanaona nini kwa hicho kioo. Mimi tangu mwaka uanze sijaona mlima ndani yake.

Rosaline Nduta


Bungoma
Jumanne, 1 Februari 2005

Sasa Wacuka,

Hii barua usimwonyeshe Mama. Kimutai nimemwambia akupe wewe sokoni.

Jana nimeosha ile filamu. Nilijua nitakuta karatasi ya kijivu. Dada, zimetoka nne, na zote nne ni safi kuliko za kwangu. Joto halikuzigusa. Mabati ya Kibomet unaweza kuyahesabu moja moja. Mlima umechorwa ukingo wake kama umekatwa na kisu, na tarehe kumi na tisa kuna wingu moja tu, dogo, nyuma ya maghala. Hakuna ukungu. Hakuna hata moshi.

Nikafungua kitabu chake. Tarehe tano: "Ukungu. Mlima hauonekani." Tarehe nane: "Ukungu tena." Tarehe kumi na tisa: "Ukungu, nimebonyeza kwa kulazimishwa." Tarehe ishirini na mbili: "Ukungu. Mungu anajua."

Kwanza nilicheka. Nikamwita Wabwile nimwonyeshe. Yeye hakucheka. Akaweka picha chini, akaniuliza, "Mama yako anatumia jicho gani?" Nikasema la kulia, nilimfundisha mimi mwenyewe. Akauliza, "Na la kushoto anafunga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kamera ni nzima, kijana. Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo."

Tangu hapo sijakaa vizuri. Nimemwandikia maneno mabaya, Wacuka, na nimeyaandika kwa kalamu, hayafutiki. Jumapili ukiwa nyumbani, mwambie afunge la kushoto afanye kitu kwa la kulia peke yake. Usimtishe. Usiseme ni mimi.

Nijibu hata kama ni mstari mmoja.

Kaka yako,
Muturi


Kibomet
Jumatatu, 7 Februari 2005

Muturi,

Nimefanya, na sitafanya tena kitu kama hiki kwa ajili yako.

Jana baada ya chakula nikamwambia, "Mama, nitilie uzi kwa hii sindano, lakini ufunge jicho la kushoto, ni mchezo tulicheza kanisani na akina mama." Akaniangalia. "Ni kanisa gani linacheza na sindano?" Lakini akafunga. Alitoboa hewa mara nne, tano. Akasema uzi ni mbaya. Nikampa mwingine. Akasema sindano ni mbaya. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikainua vidole vitatu. Nikamuuliza, "Hivi ni vingapi?"

Akasema, "Kwanza wewe uko wapi?"

Yeye akafungua la kushoto, akafunga la kulia. Akabadilisha. Akabadilisha tena, kama mtu anajaribu swichi ya stima. Nduta alifikiri ni mchezo, akaanza kucheka na kumfuata kwa macho yake. Mama akakaa chini na sindano mkononi. Akasema, "Kumbe yule fundi wa saa nilimtukana bure."

Halafu akauliza kama ni wewe umenituma. Nikasema hapana. Akasema, "Sawa." Unajua hiyo sawa yake.

Leo nimempeleka zahanati. Nesi Jerop amemmulika na tochi. Anasema ni mtoto wa jicho, na la kulia limekomaa kabisa, ni la kupasuliwa. La kushoto limeanza kidogo, lakini bado lina kazi. Madaktari wa macho wa misheni wanakuja Jumamosi hii, tarehe kumi na mbili. Wanaochaguliwa wanabebwa siku hiyo hiyo mpaka hospitali yao na kukaa wiki. Wakiondoka, watarudi Juni.

Na hapa ndipo nimeshindwa. Mama anasema ataenda Juni. Ameleta kalenda ya kanisa, ameweka kidole. "Muturi anataka kumi. Ako na nne nilizobonyeza. Jumatano na Jumamosi zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi ni sita. Nne na sita ni kumi. Nikienda hospitali Jumamosi nitapoteza mbili, na yeye atabaki na nane, na yule mwalimu alisema kumi." Nikamwambia jicho ni lake, picha ni zako. Akaniambia, "Ni mimi nilikataa kubonyeza. Si yeye."

Ameweka ile filamu mpya ndani ya kamera peke yake. Sijui alijuaje.

Ongea naye wewe. Mimi ananijibu na sawa.

Wacuka


Bungoma
Jumanne, 8 Februari 2005

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai umeamka salama. Wabwile anakusalimia, na mke wake Nasambu anakusalimia, amekutumia ndizi kwa mkono wa Kimutai. Msalimie Wacuka, umwambie asante. Msalimie Nduta mdogo na meno yake. Msalimie Kabiru na mahindi yake, Edah na subira yake, Kinyua na ghorofa yake. Msalimie ng'ombe. Na yule fundi wa saa, ukipita sokoni, msalimie pia.

Mama, ni mimi nilimtuma Wacuka. Usimkasirikie.

Picha zako nne zimetoka. Zote. Ni nzuri mpaka Wabwile aliuliza ni nani alipiga, na nikaona haya kumwambia ni mtu niliyemwandikia vile. Nilikufundisha jicho la kulia bila kukuuliza kama linaona. Ulipanda ngazi za mtu na kuchekwa, ukaangalia ukungu wiki tatu, na kila mara uliniandikia kitu unachokiona. Mimi ndiye sikusoma.

Nisamehe ile barua.

Nimeamua hivi. Ijumaa nafunga kazi mchana, nakuja. Jumamosi asubuhi nitakupeleka kwa hao madaktari mimi mwenyewe, na nitakaa nawe hospitali mpaka wakuruhusu. Mambo ya picha yaishe. Barua ya kumwambia Mwalimu Ivy kwamba sitaleta nimeshaiandika, iko mfukoni, nitaitia posta Ijumaa nikiwa njiani. Kuta zipo nyingi, zitakuja nyingine. Wewe uko mmoja.

Usipande ngazi kesho. Pumzika.

Mwanao anayekupenda,
Muturi


Kibomet, Kitale
Alhamisi, 10 Februari 2005

Mwanangu Muturi, baba yangu,

Nakusalimia. Wacuka anakusalimia, Nduta anakusalimia, Kabiru anakusalimia na amekasirika hakuambiwa mapema, Edah anakusalimia, Kinyua anakusalimia. Nasambu wa Wabwile mwambie ndizi zilifika na zilikuwa tamu, nusu Nduta amezipaka ukutani.

Nimekusamehe hata kabla hujaomba, lakini bado nimekasirika, hayo ni mambo mawili. Nimekasirikia ninyi wawili kunipima kwa sindano kama mahindi yanayopimwa kwa meno. Mngeniuliza. Nimekasirikia jicho langu, kwamba limenidanganya na mimi nikasingizia watu. Na nimekasirikia hiyo barua iliyo mfukoni mwako. Ipasue. Usinione kama sielewi, sikiliza kwanza.

Jana nilipanda. Uliniambia nisipande, nimepanda. Nilifunga la kulia nikaweka la kushoto. Muturi, mbona hukusema? Mabati yote ya huku, hata haya ya kwetu yenye kutu, yalikuwa yanawaka kama sufuria iliyosuguliwa na jivu. Ile minara imesimama. Yale maghala yamekuwa meusi, na mlima uko nyuma, mpana, umefika mwisho wa upande huu na mwisho wa upande ule, na wingu moja limelala juu yake kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nimekaa hii Kitale tangu nikiwa msichana na nimekuwa nikiangalia chini, kwa jembe na kwa ndoo. Nilibonyeza mara moja, nikavuta kijiti. Nilitaka kubonyeza tena lakini nilikumbuka ni moja kwa siku. Nilibaki pale mpaka Kinyua akatoka kuuliza kama nimeshindwa kushuka.

Kwa hivyo sasa uko na tano, na hiyo ya tano ndiyo nimeipiga nikiona.

Jumamosi nitaenda kwa madaktari. Wacuka ameshinda, na Nesi Jerop amenitisha na la kushoto. Lakini wewe usije. Ukija huku, hakuna wa kupanda mabati ya Wabwile, na hiyo siku itapotea pande zote mbili. Kabiru atanipeleka, ataweka sahihi, ana mwandiko mzuri kuliko wako. Na za Kitale za Jumamosi na Jumatano, na nyingine mpaka nikirudi, nimempa Edah. Macho yake ni mazima, yanaona hata yasiyomhusu. Nimemfundisha jana na leo kwa zile ngazi. Ameniuliza mara sita kama hawezi kusimama kidogo tu pembeni. Nimemwambia akitokea kwa hata moja, picha yake ya Krismasi ataisikia kwa redio. Ataandika kwa kitabu vile ataona, na nimemwambia aandike ukweli hata kama ni wa kuchekesha.

Sasa nikuambie neno moja kwa sababu Wacuka ametoka. Naogopa. Nesi amesema sitasikia kitu. Wote wanaoniambia sitasikia, hakuna anayekatwa jicho. Kabiru nimemwambia niko tayari. Wewe nakuambia ukweli, lakini usitoke Bungoma kwa sababu ya hilo. Nikijua uko juu ya mabati saa kumi na mbili, nitajua kila mtu yuko mahali pake.

Lipo jambo nataka kutoka kwako. Nesi anasema jicho lililopasuliwa litafungwa, na hili lingine nilipumzishe, nisisome, nisiiname, nisikae kwa moshi. Kwa hivyo usinitumie picha, sitaiona. Wacuka atakuja hospitali Jumatatu, yeye atanisomea. Niandikie mbingu ya Jumamosi vile ilikuwa upande wako. Mlima ulikuwa na nini juu yake. Tangi la reli lilikuwa rangi gani. Kama kulikuwa na mawingu, yalikuwa yanaenda wapi, yanakuja huku au yanatoka huku. Andika polepole, kama unamwandikia mtu ambaye hajafika Bungoma, kwa maana sijafika.

Kimutai anapakia huko Jumapili asubuhi. Mpe hiyo barua kabla hajafunga turubai. Wacuka anatoka hapa Jumatatu mapema, na nisingependa aje mikono mitupu.

Mimi mama yako,
Rosaline Nduta